Kabla ya Kumkataza Mtoto Kugonga Kioo

Ndugu waongozaji wa wageni, na nyinyi walezi wa samaki mlioziacha ndoo zenu kwa saa nzima ili kunisikiliza, asanteni. Kabla sijaendelea, naomba kila mmoja alaze sikio juu ya meza hii ndefu iliyo mbele yetu. Msione haya. Wakubwa kwa wadogo, sikio moja kwenye mbao. Haya, sasa nakwaruza mwisho huu wa meza kwa ukucha, polepole.

Mmesikia? Inueni vichwa. Nakwaruza tena, ukucha uleule, nguvu ileile.

Naona mnacheka. Mara ya kwanza ilikuwa kama mtu anapiga randa kando ya shavu lako. Mara ya pili, hata aliye karibu nami hana hakika kama kuna lililotokea. Sauti haikubadilika hata kidogo. Mara ya kwanza mlikuwa ndani yake, mara ya pili mlikuwa nje.

Mgeni anayesimama mbele ya tangi yuko nje siku zote. Anaona midomo ikifumbuka na kufumba, mapezi yakipepea, mapovu yakipanda, na hasikii chochote. Basi anaondoka akiamini kwamba ndani hakuna cha kusikika, kwamba samaki anaishi katika kimya kitupu. Kisha anakutana na kibao chetu: USIGONGE KIOO. Kibao hicho nakiheshimu, nimekipigania mara nyingi. Lakini kinaamuru bila kueleza, na mtoto wa miaka saba akiamriwa bila kuelezwa, kidole humwasha. Nimekuja kuzungumza juu ya maelezo yanayokosekana pale. Nawaonya mapema kwamba tukiyatoa kwa ukweli wote, hayataishia kwa mtoto. Yatatugeukia na sisi.

Tuanze na kilicho chepesi. Sauti ni msukumano. Chembe humsukuma jirani, jirani humsukuma aliye mbele yake, kama watu kwenye foleni. Katika hewa msukumo huo husafiri mita kama 340 kwa sekunde. Maji hayabanwi kirahisi kama hewa, kwa hiyo humo msukumo hupita upesi zaidi, mita zipatazo 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne. Jambo hili lilipimwa mwaka 1826 katika Ziwa Geneva, na kisa chake nakipenda kwa sababu hakikuhitaji umeme wala mashine. Jean-Daniel Colladon na mwenzake Charles Sturm walitumia mashua mbili usiku. Mashua moja ilikuwa na kengele iliyoning'inizwa ndani ya maji, na fimbo ya kuigonga iliunganishwa na utambi hivi kwamba pale tu kengele inapogongwa, baruti juu ya mashua inawaka. Kwenye mashua ya pili, zaidi ya kilomita 13 mbali, mtu alitumbukiza bomba refu lenye mdomo mpana majini na kuweka sikio kwenye ncha nyingine. Aliona mwako, akahesabu, akasubiri kengele. Walipata mita 1,435 kwa sekunde, na vipimo vya leo kwa maji baridi ya namna ile haviko mbali na hapo.

Angalieni alichofanya mtu yule: alitumbukiza bomba. Hakukaa mashuani akatega sikio hewani, kwa sababu angesubiri mpaka kuche. Kati ya hewa na maji kuna ukuta usioonekana. Sauti inayotoka hewani na kugonga uso wa maji hurudi karibu yote. Katika sehemu elfu za nguvu yake, inayopenya ni kama moja. Na inayotoka majini kuja hewani hupata makaribisho yaleyale. Ndiyo maana mvuvi anaweza kuzungumza na mwenzake ndani ya mtumbwi na samaki wakaendelea na yao, lakini akiangusha kasia sakafuni mwa mtumbwi, wametawanyika.

Nililiona hili kwa macho yangu. Siku moja nilitumbukiza maikrofoni ya majini katika tangi lililozungukwa na darasa zima la watoto. Ukumbi ulikuwa unatetemeka kwa vifijo. Mwalimu alishakata tamaa. Kwenye skrini yangu vifijo vile vilikuwa kama vumbi, vimezama chini ya mvumo wa tangi lenyewe. Kisha mtoto mmoja mpole, aliyekuwa amesimama kimya muda wote, akagonga kioo kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kwa adabu kabisa, kama anayebisha hodi. Mstari ukaruka mpaka juu ya skrini.

Kwa hiyo tumekuwa tukimkemea mtoto asiyestahili. Anayepiga kelele anawasumbua wageni wenzake, na kwa hilo kemeeni mpendavyo. Aliye mpole na mwenye kidole ndiye aliyeingia ndani ya nyumba ya samaki, maana kidole kinagonga kitu kigumu, kitu kigumu kinagusa maji, na hapo hakuna ukuta tena wa kuzuia.

Sasa mtoto huyo huyo atawauliza: masikio yake yako wapi?

Swali zuri, na msilikimbie. Samaki ana masikio mawili, yote yamo ndani ya kichwa, kando ya ubongo. Hana tundu la nje wala ngoma ya sikio, na sababu yake inapendeza. Mwili wa samaki una uzito karibu sawa na wa maji yanayomzunguka. Sauti ikija haimgongi kama inavyougonga mwili wetu. Inapita ndani yake kana kwamba hayupo, na yeye anatikisika pamoja na maji. Ukitikiswa pamoja na kila kitu kilicho karibu nawe, utajuaje kwamba umetikiswa? Unahitaji ndani yako kitu kimoja kizito kinachokataa kwenda na wengine. Samaki anacho. Ndani ya kila sikio ana vijiwe vitatu vya chokaa, vizito kuliko nyama inayovizunguka. Mwili unapotikisika, kijiwe kinachelewa, na chini yake kuna seli zenye vinyweleo vinavyopindishwa na kule kuchelewa. Kupinda huko ndiko kusikia. (Vijiwe hivyo ndivyo wanasayansi wa uvuvi wanavyovikata ili kuhesabu miaka ya samaki, kwa kuwa hukua kwa miviringo kama shina la mti. Wageni wazee hulipenda hilo kuliko vijana, sijui kwa nini.)

Hapa lugha yetu imetutangulia. Katika Kiswahili mtu husikia sauti, lakini pia husikia baridi, husikia njaa, husikia harufu, husikia maumivu. Hatukulitenga neno hilo kwa ajili ya sikio peke yake. Nimesoma maelezo mengi juu ya samaki yanayohangaika kueleza kwamba kwake kusikia na kuhisi mtikisiko ni ndugu wa tumbo moja. Sisi tunaposema "samaki amesikia", tumeshasema yote mawili.

Lakini msiishie hapo, kwa sababu kuna samaki na samaki. Wengi wao wana kifuko cha hewa tumboni kinachowasaidia kuelea. Hewa ile hubanwa na kutanuka sauti inapopita, hata pale ambapo maji yenyewe yanajongea kidogo mno. Ni debe ndani ya samaki, na debe tupu, mnajua wenyewe, haliachi kuvuma. Ikiwa debe hilo liko karibu na sikio, au limeunganishwa nalo, samaki husikia mara nyingi zaidi ya mwenzake. Kambare, kapi na samaki wa dhahabu wana msururu wa vifupa vidogo vinavyobeba mtikisiko kutoka kwenye kifuko mpaka sikioni. Mjerumani Ernst Heinrich Weber alivieleza mwaka 1820 na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Kwa vifupa hivyo samaki wa dhahabu husikia sauti za mitetemo elfu kadhaa kwa sekunde. Samoni, ambaye kifuko chake kiko mbali na sikio, huishia kwenye takribani 400. Papa hana kifuko kabisa, naye huishi katika sauti nzito za chini, zile zinazofanana na mpapatiko wa samaki aliyejeruhiwa. Na yuko samaki wa jamii ya heringi wa pwani za Marekani, shadi, ambaye mwaka 1997 ilionekana anasikia mpaka mitetemo 180,000 kwa sekunde, wakati sikio la kijana mwenye afya linaishia 20,000.

Kwa hiyo mgeni akiuliza "samaki wanasikia vizuri?", mjibuni kwa swali: samaki yupi? Nimewahi kumsikia mwongozaji, tena hodari, akisema mbele ya tangi la papa mambo ambayo ni kweli kwa samaki wa dhahabu tu. Hakuna aliyemrekebisha, wala mimi sikuthubutu. Alikuwa anaongea kwa raha sana.

Karl von Frisch, yule mtaalamu wa nyuki aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliwahi kuwa na kambare kipofu aliyeishi katika bomba la udongo ndani ya tangi. Alimwita Xaverl. Kila siku alipiga mluzi kisha akamletea chakula. Baada ya siku chache, mluzi peke yake ulitosha: kambare alitoka bombani kutafuta chakula. Frisch aliandika makala mwaka 1923, na kichwa chake kilisema waziwazi kwamba ni habari ya kambare anayekuja akipigiwa mluzi. Wakati huo palikuwa na wataalamu waliodai samaki ni viziwi. Xaverl hakubishana nao, alikuja kula.

Mnaweza kuniuliza, mluzi ulipenyaje ikiwa sehemu elfu inapenya moja? Ulipenya kidogo, na kambare, kwa debe lake na vifupa vyake, kidogo kinamtosha. Ndiyo maana tangi la kambare na tangi la papa hayafai kuwekewa maelezo mamoja.

Kuna kiungo kingine nitakipitia haraka. Tazameni ubavuni mwa samaki: mstari mwembamba kutoka kichwani hadi mkiani. Umejaa seli za vinyweleo kama zile za sikio, nazo husoma mkondo wa maji ulio karibu, umbali wa urefu wa mwili mmoja au miwili. Kwa mstari huo kundi zima hugeuka bila kugongana. Ni kama kugusa kwa mbali.

Turudi kwenye kidole cha mtoto. Kishindo cha kugonga kinapoingia majini ghafla, samaki wengi hujikunja kama herufi C na kufyatuka. Hilo si wazo, ni waya: katika ubongo wake wa nyuma mna seli mbili kubwa za neva, moja kila upande, ziitwazo seli za Mauthner, na mojawapo ya seli hizo ikishtuka, misuli ya upande wa pili hukaza yote kwa pamoja. Inachukua sehemu chache tu za mia za sekunde. Porini kufyatuka huko huokoa maisha, kwa sababu kishindo cha ghafla mara nyingi ni mdomo unaokuja. Ndani ya tangi hakuna mdomo, kuna kidole, na cha pili, na cha mia. Nawaomba msimwambie mtoto kwamba "samaki masikio yanamuuma". Hilo hatuwezi kulishuhudia kwa niaba ya samaki. Mwambieni: "Umebisha hodi, na mwili wake umedhani anataka kuliwa." Ni kweli, na mtoto halisahau.

Basi, hapa ndipo yanapotugeukia.

Mtoto anagonga mara mbili na kuondoka. Pampu haiondoki. Tunafunga milango jioni, tunazima taa, tunasema samaki wamepumzika, na kule nyuma ya ukuta pampu inaguruma, mashine ya kupooza maji inaguruma, mapovu yanapasuka, bomba gumu la plastiki linabeba mtetemo wote huo kutoka chumba cha mashine mpaka kwenye kioo. Saa 24. Na sehemu kubwa ya mvumo huo ni sauti nzito, chini ya mitetemo elfu moja kwa sekunde, yaani palepale samaki wengi wanaposikia vizuri zaidi. Ungekusudia kuwachagulia sauti ya kuwaudhi, usingechagua vizuri kuliko hapo.

Je, inawadhuru? Kwa samaki wa dhahabu kuna kipimo kinachotajwa sana, cha mwaka 2004: waliwekewa kelele kubwa, na uwezo wao wa kusikia ulipungua ndani ya dakika 10 za kwanza. Waliokaa kwenye kelele hiyo siku 21 walihitaji siku 14 kurudi walipokuwa. Habari njema ni kwamba walirudi. Seli za sikio la samaki huota upya, jambo ambalo mimi na wewe tukipoteza zetu hatulipati. Lakini wanaonigusa zaidi ni farasi wa baharini. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya farasi wa baharini waliowekwa mwezi mmoja, baadhi kwenye matangi yenye kelele na wengine kwenye matangi tulivu. Wa kwenye kelele walikuwa na hali mbaya zaidi ya mwili, na damu yao ilikuwa na kotisoli zaidi, homoni ya msongo. Hakuna aliyewagonga. Waliishi tu. Na farasi wa baharini, kila mlezi hapa anajua, akidhoofika huwa tunalaumu chakula, tunalaumu chumvi, tunalaumu joto la maji, tunabadilisha kila kitu isipokuwa ile pampu iliyokaa juu ya kabati lilelile analolikalia yeye.

Hilo kabati tulitazame. Kabati tupu la mbao lenye pampu ndani na tangi juu ni ngoma. Nimekwisha kutaja debe tupu mara moja leo. Hili ni la pili. Dawa yake si ghali wala si ya kitaalamu: toa pampu ndani ya kabati uiweke kwenye msingi wake peke yake, iweke juu ya mpira mzito au sponji ngumu, kata kipande cha bomba gumu uweke kipande cha bomba laini linalopindika, ili mtetemo ukose daraja, weka tabaka laini kati ya tangi na meza yake, hakikisha bomba halijaegemea kioo. Vijiwe vya kutolea mapovu visogezwe mbali na pembe wanapolala samaki. Na pampu iliyoanza kulia itengenezwe wiki hii, maana ikilia kwako hewani, huko ndani samaki wanasikia yote.

Neno moja kwa wale wenye vipimo. Msilinganishe desibeli za majini na za hewani. Hewani tunahesabu kuanzia mbano wa maikropaskali 20, majini kuanzia maikropaskali 1, na maji yenyewe hubeba sauti kwa namna nyingine. Ukijumlisha tofauti zote unapata desibeli kama 62. Mgeni akisoma kwamba tangi lina desibeli 120 akadhani ni sawa na injini ya ndege, amedanganywa na namba ya kweli. La pili: maikrofoni ya majini hupima mbano, na nimesema samaki wengi husikia mjongeo. Katika bahari wazi hivyo viwili huandamana. Ndani ya tangi, karibu na ukuta na hasa karibu na uso wa maji, mbano unaweza kuwa mdogo na mjongeo mkubwa. Kifaa kinasema shwari, samaki anatikiswa. Kwa hiyo kifaa changu hiki mkiamini nusu. Nusu nyingine tazameni samaki: anakwepa pembe gani, anakula upande gani.

Nimeulizwa na waandaaji: tumwonyesheje mgeni, maana kumweleza peke yake hakutoshi? Spika yenye sauti ya moja kwa moja kutoka tangini ni nzuri, na wageni hushangaa. Ila mkumbuke kuwaambia kwamba wanasikia kile ambacho binadamu angesikia humo, si kile anachosikia samaki. Ninachokipenda zaidi ni puto. Mpe mgeni puto lililojaa hewa alishike kwa viganja viwili mbele ya spika yenye sauti nzito. Atasikia muziki kwenye vidole. Viziwi wanalijua hili zamani. Wapo wanaokwenda kwenye matamasha na puto mikononi. Mgeni akishikilia puto lile, mwambieni: sasa liweke tumboni mwako, karibu na masikio. Nimewaona watu wazima wakinyamaza ghafla pale. Kisha mruhusu aweke sikio kwenye meza kama nilivyowafanyia nyinyi, na mwishowe ndipo mumpeleke kwenye kibao. Atakisoma kwa macho mengine.

Na msimwache akidhani samaki ni wasikilizaji tu. Bahari ina makelele yake yenyewe, na mengine yana ucheshi. Jeshi la majini la Sweden liliwahi kuhangaika na sauti za ajabu zilizodhaniwa kuwa ni manowari za kigeni. Magnus Wahlberg na Håkan Westerberg walipochunguza, ilikuwa heringi wakitoa mapovu ya hewa kwa nyuma. Mwaka 2004 wao na wenzao wengine waliojifunza mapovu hayo walipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel. Watoto nawaambieni, kisa hiki hawakichoki. Kamba wadogo wa matumbawe hufyatua gando lao kwa kasi kiasi kwamba povu linatokea na kupasuka, na maelfu yao kwa pamoja hufanya bahari ya pwani za joto ichacharike kama mafuta ya moto. Samaki wa rangi ya chungwa wanaoishi ndani ya anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye minyiri, hugonganisha meno kumfukuza mgeni. Samaki wa kiume wa jamii ya samaki-chura huko pwani ya California hukaza misuli iliyoshikamana na kifuko chake cha hewa, mara mia kwa sekunde, usiku kucha, kuwaita majike, na mvumo wake umewakosesha usingizi watu wanaoishi ndani ya mashua pale Sausalito. Yaani anajipigia debe, tena kwa maana zote mbili. Na mwaka 2024 ilielezwa habari ya Danionella, samaki wa milimita 12 tu, mwenye mwili wa kuonekana ndani kama kioo, ambaye hupiga kifuko chake kwa kigegedu na kutoa sauti ya zaidi ya desibeli 140 pale pale karibu naye. Desibeli za majini, tumeshaonyana.

Huko baharini kelele zetu zinafanya nini? Kwa kifupi, kwa kuwa leo mada ni tangi: mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba samaki wadogo wa matumbawe walioishi na mlio wa mashua zenye injini waliliwa na adui yao zaidi ya mara mbili ya wale waliokuwa kwenye utulivu. Hawakufa kwa kelele. Walichelewa kushtuka. Nililisoma hilo nikazikumbuka zile seli mbili za Mauthner.

Kulikuwa na maswali mawili kabla ya kwenda kule ndani.

La kwanza, mama mmoja wa kitengo cha sherehe ameuliza kuhusu muziki wa usiku ukumbini. Mama, sauti ya waimbaji nyingi itarudi kwenye kioo. Besi ndiyo yenye matata, kwa sababu haipiti hewani tu, inashuka sakafuni, inapanda miguu ya tangi. Spika zisikae sakafuni, zikae juu ya mpira, zielekezwe mbali, na mtu mmoja asiyecheza dansi akae kuwatazama samaki. Wakijikusanya pembe ya mbali au wakiacha kula, punguzeni besi. Mgeni hataona tofauti.

La pili, kaka pale nyuma anasema samaki wake wameshaizoea pampu, hawashtuki tena. Kaka, nakubali hawashtuki. Aliyeishi jirani na mashine ya kusaga naye hashtuki, lakini ukimwita kwa sauti ya kawaida hakusikii. Pampu inafunika. Meno ya yule samaki wa anemoni yanagongana na jirani yake hasikii onyo. Dume anaimba na jike hafikiwi. Kuzoea hakuondoi pazia.

Sasa simameni, twende kwenye tangi la tatu. Mlezi wake amekubali kuizima pampu ya hewa kwa dakika tano, chini ya usimamizi wake, na oksijeni imepimwa. Maikrofoni ninayo, spika iko tayari. Tutasikiliza dakika moja ikiwa inawaka, kisha itazimwa. Humo mna samaki wanaogonganisha meno, na mlezi wao ananiambia amewalea miaka minne hajawahi kuwasikia.